Mohamed Siad Barre: Itikadi, Ukoo na Kuporomoka kwa Dola Jirani ya Garissa

Utangulizi

Msafiri atokaye Nairobi huvuka daraja la mto Tana ndipo aingie Garissa. Akiendelea mbele kuelekea mashariki hufika Dadaab baada ya takribani kilomita 100, kisha Liboi, na kutoka Liboi mpaka wa Somalia hauko mbali. Mwaka 1991 maelfu ya watu waliifuata njia hiyo wakitoka upande wa pili. Walikuja kwa miguu, kwa punda na kwa malori, wakiwa na watoto, wazee na majeruhi. Nchi yao haikuwa imevamiwa na adui kutoka nje. Ilikuwa imeporomoka kwa ndani, kama nyumba ambayo mchwa wamekula nguzo zake huku kuta zikiendelea kupakwa chokaa.

Ili kulifahamu tukio hilo hapana budi kuyaangalia maisha ya Mohamed Siad Barre, mwanajeshi aliyeitawala Somalia kwa zaidi ya miaka 21. Barre alitangaza ujamaa wa kisayansi, akaupa Kisomali maandishi rasmi, akaingia vitani kwa ajili ya ardhi ya Wasomali walio nje ya mipaka yake, na hatimaye akageuziana kisogo na wafadhili wake wa Moscow. Swali linalozuka katika maisha yake ni hili: serikali iliyojengwa kwa jina la itikadi huwa nini itikadi hiyo inapotupwa, ilhali mtawala, chama na vyombo vya usalama vimebaki vile vile?

Asili na Makuzi

Kumbukumbu rasmi zilitaja mwaka 1919 kuwa ndio aliozaliwa Barre. Kuhusu mahali, wapo wanaotaja Shilavo katika eneo la Ogaden lililo Ethiopia, na wapo wanaotaja Garbaharey katika mkoa wa Gedo, ng'ambo ya Mandera. Inaaminika kwamba alijinasibisha na Garbaharey ili akubaliwe katika kikosi cha askari wa koloni la Waitalia. Jambo hilo laweza kuonekana dogo, lakini linadokeza hali ya Wasomali wengi wa kizazi chake. Wafugaji walifuata mvua na malisho. Mipaka ilichorwa na wageni juu ya nyayo za mifugo yao.

Baba yake alikuwa wa ukoo wa Marehan na mama yake wa ukoo wa Ogaden. Alifiwa na wazazi angali mtoto, akapata elimu ya msingi huko Luuq kabla ya kwenda Mogadishu. Waingereza walipowashinda Waitalia mwaka 1941, Barre alitumikia polisi chini ya utawala wa kijeshi wa Uingereza, akapanda hadi cheo cha juu kabisa ambacho mwenyeji aliruhusiwa kukifikia. Katika miaka ya 1950 alipata mafunzo ya kijeshi nchini Italia. Somalia ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1960, kwa kuunganisha iliyokuwa Somalia ya Waitalia na ile ya Waingereza, yeye alikuwa miongoni mwa maafisa wakuu wa jeshi jipya. Mwaka 1965 akawa mkuu wa jeshi hilo.

Bendera ya nchi hiyo ilikuwa na nyota yenye ncha tano, na kila ncha iliwakilisha eneo lenye Wasomali. Ncha mojawapo ilikuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ya Kenya, ambamo Garissa imo. Tume iliyotumwa na Uingereza mwaka 1962 ilikuta kwamba Wasomali wengi wa eneo hilo walitaka kujiunga na Somalia. Hata hivyo, mwaka 1963 eneo hilo lilibaki Kenya. Serikali ya Kenya ikatangaza hali ya hatari mwezi Desemba mwaka huo, na vita vilivyoitwa vya mashifta vikaendelea hadi mwaka 1967, serikali za nchi hizo mbili zilipopatana mjini Arusha kwa usuluhishi wa Rais Kenneth Kaunda wa Zambia. Vita vilikwisha, lakini sheria za hali ya hatari hazikuondolewa.

Mapinduzi na Ujamaa wa Kisayansi

Tarehe 15 Oktoba 1969 Rais Abdirashid Ali Shermarke aliuawa kwa risasi na askari mjini Las Anod. Siku sita baadaye jeshi lilitwaa madaraka bila umwagaji mkubwa wa damu. Bunge lilivunjwa, katiba ikasimamishwa na vyama vya siasa vikapigwa marufuku. Wananchi wengi hawakuvililia vyama hivyo. Katika uchaguzi wa mwaka huo vyama vilikuwa vingi kupindukia, kila ukoo ukitafuta mbunge wake, na ufisadi ulikuwa umekithiri. Barre akawa mwenyekiti wa Baraza Kuu la Mapinduzi.

Mwaka mmoja baadaye, katika maadhimisho ya mapinduzi, alitangaza kwamba Somalia itafuata ujamaa wa kisayansi. Mabenki, makampuni ya bima na biashara ya mafuta vilikuwa vimekwisha kutaifishwa. Ushirikiano na Umoja wa Kisovieti, ambao tangu miaka ya 1960 ulikuwa umelisaidia jeshi la Somalia kwa silaha na mafunzo, ulizidi kuimarika.

Mwanafunzi wa lugha atavutiwa na namna mapinduzi hayo yalivyounda msamiati wake. Tanzania ilichukua neno ujamaa, lenye mzizi wa udugu na jamii, na kulipa maana ya kisiasa. Wasomali waliunda neno hantiwadaag, yaani kushiriki pamoja katika mali, na hanti kwa mfugaji ni mifugo kwanza. Watu walihimizwa kuitana jaalle, yaani mwenzi au ndugu katika mapambano, badala ya kuitana kwa majina ya ujamaa wa damu. Kuulizana ukoo kulikatazwa, na mwaka 1971 sanamu zilizowakilisha ukabila zilichomwa na kuzikwa hadharani.

Lakini katika kipindi hicho hicho kulikuwa na sura nyingine. Sheria ya usalama wa taifa ya mwaka 1970 iliweka adhabu ya kifo kwa makosa mengi ya kisiasa. Idara ya usalama ilipewa uwezo wa kukamata na kuzuia watu. Mwezi Julai 1972 maafisa wakuu, akiwemo Jenerali Salaad Gabeyre na Jenerali Mohamed Ainanshe, waliuawa hadharani kwa tuhuma za kupanga mapinduzi. Mwezi Januari 1975 masheikh kumi walinyongewa uhai kwa risasi kwa sababu walipinga sheria mpya ya familia iliyowapa wanawake haki sawa ya kurithi. Sheria yenyewe ilikuwa na watetezi wake, na ingaliweza kujadiliwa. Serikali iliamua kuimaliza hoja kwa bunduki.

Herufi na Kisomo

Kama lipo tendo moja ambalo hata mahasimu wa Barre hawakulikana, ni uamuzi wa mwaka 1972 wa kukiandika Kisomali kwa herufi za Kilatini. Kwa miaka mingi suala hilo lilikuwa limezishinda serikali za kiraia. Wapo waliotaka herufi za Kiarabu kwa sababu ya dini. Wapo waliotaka hati ya Osmania iliyobuniwa na Osman Yusuf Kenadid. Na wapo waliotaka Kilatini kwa wepesi wa kuchapisha. Mtaalamu Shire Jama Ahmed ndiye aliyeandaa mfumo wa Kilatini uliokubaliwa. Watumishi wa serikali walipewa muda mfupi wa kujifunza, kisha Kisomali kikawa lugha ya ofisi na ya shule.

Kampeni ya kisomo ilianza mijini mwaka 1973. Mwaka uliofuata shule za sekondari zilifungwa, na wanafunzi pamoja na walimu wao wapatao 25,000 wakapelekwa vijijini na malishoni kuwafundisha wafugaji kusoma na kuandika. Wakati huo huo ukame mkali ulizuka. Kampeni ya herufi ikageuka kuwa kampeni ya kuokoa maisha, na kwa msaada wa ndege za Kisovieti maelfu ya wafugaji walihamishiwa kusini kuwa wakulima na wavuvi.

Mwaka huo huo wa 1974, Rais Jomo Kenyatta aliagiza Kiswahili kitumike katika Bunge la Kenya. Nchi mbili jirani, kila moja kwa njia yake, zilikuwa zikitafuta kuitoa serikali katika lugha ya mkoloni. Tofauti ni kwamba Somalia ilikuwa na lugha moja iliyozungumzwa na takribani raia wote, ikaamini kwamba lugha moja, dini moja na jadi moja vingetosha kuwa nguzo za dola. Historia ilikuja kuonyesha kwamba havikutosha.

Vita vya Ogaden na Kuachana na Moscow

Mwaka 1976 Baraza la Mapinduzi lilikabidhi madaraka kwa Chama cha Kisoshalisti cha Mapinduzi cha Somalia, kwa mfano wa vyama vya Ulaya ya Mashariki. Barre alikuwa katibu mkuu wake. Watu waliokuwa barazani walihamia katika uongozi wa chama, na uamuzi uliendelea kutoka mahali pale pale.

Mwezi Julai 1977 jeshi la Somalia liliingia Ogaden, likitumaini kwamba Ethiopia ya Mengistu Haile Mariam ilikuwa imedhoofika. Ushindi wa awali ulikuwa mkubwa. Hata hivyo, Umoja wa Kisovieti ulichagua kuiunga mkono Ethiopia, ambayo nayo ilikuwa imejitangaza kuwa ya kisoshalisti. Tarehe 13 Novemba 1977 Barre aliuvunja mkataba wa urafiki na Moscow na kuwafukuza washauri wa Kisovieti. Silaha za Kisovieti na askari wa Cuba wakaigeuza meza ya vita, na Machi 1978 jeshi la Somalia liliondoka Ogaden. Mamia ya maelfu ya wakimbizi walilifuata.

Aprili 1978 baadhi ya maafisa walijaribu kumpindua Barre wakashindwa. Waliosalimika walikimbilia Ethiopia na kuanzisha upinzani wa silaha. Kuanzia hapo bunduki ilianza kugeuzwa ndani.

Dola Baada ya Itikadi

Sehemu hii ya maisha ya Barre ndiyo yenye fundisho zito zaidi. Baada ya mwaka 1977 Somalia haikuwa tena mshirika wa ukomunisti. Mwaka 1980 iliiruhusu Marekani kutumia bandari na uwanja wa ndege wa Berbera, nayo ikapata misaada. Kuanzia mwaka 1981 ilitekeleza masharti ya Shirika la Fedha Duniani. Maneno ya ujamaa yalififia katika hotuba na katika mipango ya uchumi.

Kilichobadilika, hata hivyo, kilikuwa ni rafiki wa nje. Chama kilibaki kimoja na jina lake la kisoshalisti. Sheria ya usalama ya mwaka 1970 iliendelea kutumika. Katiba ya mwaka 1979 ilileta bunge, lakini wagombea waliteuliwa na chama. Mwaka 1980 Barre alitangaza hali ya hatari na kulirejesha Baraza la Mapinduzi. Mwaka 1982 viongozi wakuu, akiwemo aliyekuwa makamu wa rais Ismail Ali Abokor na aliyekuwa waziri Omar Arteh Ghalib, walitiwa kizuizini, wakakaa miaka mingi kabla ya kufikishwa mahakamani. Mwaka 1986, miezi saba baada ya ajali ya gari iliyonusurika kumuua, Barre alikuwa mgombea pekee wa urais na akatangazwa kupata karibu kura zote.

Itikadi ilipoondoka iliacha pengo. Awali vyeo viligawanywa angalau kwa jina la mapinduzi. Sasa mtawala alihitaji watu wa kuaminika, na aliowaamini walikuwa jamaa. Wasomali walianza kuuita utawala huo kwa herufi tatu, M, O na D: Marehan, ukoo wa baba yake, Ogaden, ukoo wa mama yake, na Dhulbahante, ukoo wa mkwewe aliyeongoza idara ya usalama. Ukoo uliokatazwa kutajwa hadharani ukawa ndio ufunguo wa ofisi, wa leseni na wa cheo jeshini. Wale walioachwa nje nao walijikusanya kwa koo zao, kwani hapakuwa na chama, gazeti wala mahakama ya kukimbilia. Kwa hakika, utawala uliozika sanamu ya ukabila mwaka 1971 ndio uliofukua kaburi hilo.

Pigo kuu lilikuja mwaka 1988. Barre na Mengistu walipatana mwezi Aprili kila mmoja aache kuwasaidia wapinzani wa mwenzake. Wapiganaji wa kaskazini waliokuwa Ethiopia waliingia Burao na Hargeisa mwezi Mei. Serikali ilijibu kwa mizinga na ndege, ikaubomoa mji wa Hargeisa, mji wa raia wake yenyewe. Makumi ya maelfu ya watu walikufa na mamia ya maelfu wakakimbilia Ethiopia.

Garissa Upande wa Pili wa Mpaka

Wahenga walinena kwamba wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyika. Nyika katika habari hii ni Kaskazini Mashariki mwa Kenya. Koo zinazoishi Garissa, Wajir na Mandera zina ndugu ng'ambo ya mpaka, na kila Mogadishu ilipodai ardhi, waliotiliwa shaka ni raia wa Kenya waliokuwa wakichunga ngamia wao.

Barre aliihakikishia Kenya mwaka 1981 kwamba Somalia haikuwa na dai juu ya ardhi yake, na Rais Daniel arap Moi alizuru Mogadishu mwaka 1984. Uhusiano wa marais hao ulizidi kuwa mzuri, ila uhusiano wa serikali ya Kenya na wakazi wa Kaskazini Mashariki haukupona kwa kasi hiyo. Februari 1984, katika mwaka ule ule wa ziara, wanaume waliokusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, waliuawa na vikosi vya serikali. Takwimu rasmi zilitaja 57, ilhali manusura wametaja idadi kubwa mno kuliko hiyo. Mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali waliamriwa wapigwe msasa na kupewa kadi maalumu za kuthibitisha uraia wao.

Ni dhahiri basi kwamba utawala wa kuwashuku raia haukuwa wa Somalia peke yake, wala haukuhitaji ujamaa wa kisayansi ili uwepo. Hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1963 iliondolewa mwishoni mwa mwaka 1991. Watu wa Garissa walipata uhuru wa kutembea katika nchi yao wenyewe mwaka ule ule majirani zao walipopoteza nchi.

Anguko

Ukuta wa Berlin ulipobomolewa mwaka 1989, tawala za Ulaya ya Mashariki zilianguka moja baada ya nyingine. Thamani ya Berlin na ya Berbera katika ushindani wa mataifa makubwa ilipungua kwa pamoja. Kufikia wakati huo Marekani ilikuwa imekwisha kupunguza sana msaada wake kwa sababu ya mauaji ya kaskazini. Mwezi Mei 1990 zaidi ya watu mia moja mashuhuri, wakiwemo wazee, wafanyabiashara na wanasiasa wa zamani, walitia saini waraka wa kudai mageuzi na mkutano wa kitaifa. Wengi wao walikamatwa. Mwishoni mwa mwaka huo Barre alikubali katiba ya vyama vingi, lakini maji yalikuwa yamezidi unga. Mamlaka yake yalikuwa yamesinyaa hata watu wakamwita meya wa Mogadishu.

Mapigano yaliingia mjini humo mwisho wa Desemba 1990. Usiku wa tarehe 26 Januari 1991 Barre aliondoka akielekea kusini. Waliomng'oa hawakuwa na makubaliano juu ya nani atawale, na kabla ya mwaka kwisha walikuwa wakipigana wenyewe kwa wenyewe. Kaskazini ilijitangazia uhuru mwezi Mei kwa jina la Somaliland.

Barre alijaribu kurudi Mogadishu kwa nguvu akashindwa, na vita vya kwenda na kurudi vikaharibu mashamba na maghala kati ya mito ya Juba na Shabelle. Njaa iliyofuata iliua watu wengi mno. Mwishoni mwa Aprili 1992 alivuka mpaka na kuingia Kenya, akiifuata njia ya ukimbizi ambayo raia wake walikuwa wameifuata kabla yake. Alikaa Nairobi kwa muda wa majuma mawili hivi, kisha, kutokana na upinzani dhidi ya kuwepo kwake, akapelekwa Nigeria. Alifariki Lagos kwa maradhi ya moyo tarehe 2 Januari 1995, akazikwa Garbaharey.

Hitimisho

Kambi ya Ifo ilifunguliwa mwaka 1991, zikafuata Dagahaley na Hagadera mwaka 1992. Zote tatu zilikusudiwa watu 90,000. Kufikia mwaka 2011 zilikuwa na zaidi ya watu 400,000. Ombwe lililoachwa na dola lilijazwa na wababe wa vita na baadaye na makundi ya silaha yaliyovuka mpaka, na Garissa ililipa tena tarehe 2 Aprili 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi, walipouawa katika chuo kikuu cha mji huo.

Ni kosa kumtwika mtu mmoja mzigo wote huo. Wakoloni walichora mipaka, mataifa makubwa yalimwaga silaha, na waliomrithi Barre waligombania magofu. Hata hivyo, miaka yake 21 inafunza kwamba kuiacha itikadi si kuuacha utawala wa kiimla. Nchi hutoka katika mfumo wa chama kimoja pale mahakama, bunge na vyombo vya habari vinapopata uwezo wa kumwambia mtawala hapana. Somalia ilitoka Moscow bila kupita hapo.

Katika shule za kambi za Dadaab, watoto waliozaliwa na wazazi waliofundishwa kusoma Kisomali na kampeni ya mwaka 1974 wamesoma kwa mtaala wa Kenya, Kiswahili kikiwa miongoni mwa masomo yao. Herufi ni zile zile za Kilatini. Barre aliwapa wazazi wao alfabeti ya kuandikia katiba, magazeti na malalamiko, kisha akawanyima ruhusa ya kuviandika. Urithi wake wote, mwema na mbaya, umekaa kati ya matendo hayo mawili.